Kabla Hujatia Sahihi Ile Fomu ya Kituo cha Vijana

Kama unapika, endelea kupika. Kama unafua, endelea kufua, bora sikio liwe hapa. Leo sitazungumza juu ya chanjo, wala kuhara, wala neti ya mbu. Leo nina karatasi mkononi.

Juu ya karatasi hii pameandikwa "Kanuni za Matumizi ya Kompyuta na Intaneti". Chini kuna mahali pa sahihi ya kijana, na mahali pa sahihi ya mzazi au mlezi. Ni fomu ambayo kituo cha vijana humpa mtoto aipeleke nyumbani kabla hajaruhusiwa kuketi mbele ya kompyuta. Nimewaona akina mama wengi wakiitia sahihi. Wengine wameitilia mapajani, hapo hapo kliniki, huku mtoto mchanga ananyonya, wakiniuliza, "Sista, jina naweka wapi?" Sijawahi kuulizwa, "Sista, hii karatasi inasema nini?"

Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilitia sahihi fomu ya mtoto wa dada yangu ninayeishi naye, bila kusoma hata mstari mmoja, huku natafuta kiatu cha pili niwahi kazini. Sasa utauliza, muuguzi anahusika vipi na kompyuta? Ngoja nikusimulie, kisha utaniambia kama ahusiki au anahusika.

Kuna msichana wa miaka 15 aliyekuja katika zahanati yetu mara tatu katika mwezi mmoja. Yeye na mama yake wameniruhusu nisimulie, na nimebadilisha mambo machache ili wasitambulikane. Mara ya kwanza alilalamika tumbo. Mara ya pili kichwa. Mara ya tatu alisema hajalala siku nne. Tulipima malaria, hakuna. Tulipima mkojo, safi. Mama yake akaninong'oneza kuhusu mimba, msichana akakubali apimwe, na mimba haikuwepo. Nami nakiri kwamba ile mara ya tatu nilikuwa nimechoka, foleni imefika langoni. Nilimpa dawa ya maumivu nikamwambia apunguze mawazo ya mtihani.

Alipokuja mara ya nne ndipo nilipomwomba mama aende dirishani akaulizie faili. Nikafunga mlango, nikavuta kiti, nikanyamaza. Msichana alilia kwanza. Nikamweleza kwamba nitamsikiliza, lakini kama kuna mtu anamdhuru sitaweza kulifungia jambo hilo kabatini, kwa sababu yeye ni mtoto. Akatikisa kichwa kukubali, akaanza kusema.

Alikuwa ametumia kompyuta ya kituo cha vijana kufungua Facebook. Saa yake ikaisha. Aliyemfuata alikuwa amesimama nyuma ya kiti akimharakisha, basi akainuka bila kutoka kwenye akaunti. Yule mwingine aliketi, akaikuta iko wazi. Alisoma ujumbe wote. Akakuta picha mbili ambazo msichana alikuwa amemtumia mvulana mmoja, picha za aina ambayo hakuna msichana angetaka mama yake azione. Akazihifadhi. Siku iliyofuata ujumbe ukaingia kutoka kwa jina asilolijua: nitumie nyingine, la sivyo hizi zitafika shuleni na kanisani. Kwa hofu, akatuma ya tatu. Baada ya hapo akaambiwa waonane, na akapangiwa mahali na siku. Alipokuwa ameketi mbele yangu, zilikuwa zimebaki siku mbili.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mama. Akasema, "Mama alisema siku atakayosikia ujinga wowote wa kompyuta, siendi kituoni tena, na nitapelekwa kwa shosho huko nyumbani."

Mama mwenzangu, hilo tumbo lilikuwa likimuuma kweli. Mtoto mwenye hofu huumwa tumbo, huumwa kichwa, hukosa usingizi na hukosa hamu ya kula, na hakuna kipimo chetu cha damu kinachoonyesha hofu. Ndiyo maana hii fomu inanihusu.

Mama aliporudi nilimwuliza msichana kama atasema mwenyewe au niseme mimi. Akanichagua mimi. Nilipomaliza, mama alisimama, na niliona kofi linakuja. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, huyu hapa ndiye aliyeumizwa." Akakaa. Tulikaa hivyo kwa muda. Kisha akafungua mkoba, akatoa leso, akampa bintiye afute uso.

Siku hiyo hiyo tulikwenda kituoni sote watatu. Sasa sikiliza. Kanuni ya tatu katika fomu ya kituo kile inasema kila mtumiaji ataandika kwenye rejista jina lake, nambari ya kompyuta, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Vijana huichukia kanuni hiyo. Huona wanapotezewa wakati. Msimamizi alifungua rejista, akapitisha kidole: kompyuta nambari nne, saa tisa mpaka saa kumi, msichana wetu. Kompyuta nambari nne kuanzia saa kumi, jina la kijana wa miaka 22, na mwandiko wake. Habari ikapelekwa dawati la jinsia katika kituo cha polisi pamoja na rejista yenyewe. Yule kijana hakuja mahali alipopangia, kwa sababu aliitwa kabla ya siku hiyo.

Na kanuni ya nne ilisema, "Hakikisha umetoka kwenye akaunti zako kabla hujainuka." Ilikuwepo kwenye ile karatasi. Sahihi ya mama ilikuwa chini yake.

Basi tuisome fomu pamoja. Vituo vinatofautiana, lakini nimezisoma fomu kadhaa sasa na mambo yaliyomo yanakaribiana.

Hiyo ya kutoka kwenye akaunti ndiyo ningeiweka ya kwanza kama ningekuwa na uwezo. Kompyuta ya kituo ni kama choo cha plotini: kila mtu anaingia baada ya mwingine. Kufunga dirisha la skrini si kutoka. Mtoto lazima abonyeze mahali palipoandikwa kutoka, kisha aangalie kwamba kompyuta inaomba neno la siri upya. Na ile kompyuta ikimwuliza kama ihifadhi neno la siri, ajibu hapana. Hata wewe ukienda saiba kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwenye eCitizen, au kushughulikia PIN ya ushuru, fanya hivyo hivyo. Wengi wetu humwachia yule kijana wa saiba neno la siri liandikwe kwenye daftari lake. Tukilitoa hivyo hadharani, tutawaambia nini watoto?

Neno la siri ni la mtu mmoja. Wasichana hupeana kama ishara ya urafiki, na wavulana huliomba kama ishara ya mapenzi. Mwambie binti yako kwamba anayempenda hahitaji neno lake la siri. Wewe mzazi ukitaka kulijua, kwa mtoto mdogo ni sawa, na umwambie wazi kwamba unalijua. Kwa kijana wa miaka 16 au 17, kumpekua kisirisiri humfundisha tu kuficha vizuri zaidi.

Kanuni nyingine inakataza picha za ngono na video za watu wakipigana au kuchinjana. Mama, usidhani mtoto huzifuata kila mara. Nyingine hujitokeza zenyewe akitafuta wimbo. Nyingine huletwa na mwenzake kwenye flashi. Uliza kama kituo kimeweka programu ya kuzuia kurasa za namna hiyo. Hiyo programu husaidia, lakini haizuii kila kitu. Kinachosaidia zaidi ni jinsi kompyuta zilivyopangwa. Zikigeuzwa skrini zielekee katikati ya chumba, mahali msimamizi na wengine wanapopita, watoto hujichunga wenyewe. Nimewahi kuingia chumba cha kompyuta kilichogawanywa kwa mbao, kila mtoto na kijumba chake kama cha kupigia kura. Hapo singempeleka mtoto wangu.

Kamari. Sheria yetu inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, iwe ya mpira au ya kile kijindege cha kupaa kwenye simu. Vituo vingi huandika hivyo kwenye kanuni, lakini vijana hutumia nambari ya simu ya kaka au ya mama. Hesabu pesa zako kwenye simu. Mtoto anayeanza kukosa nauli aliyopewa asubuhi, mwulize kwa upole zimekwenda wapi.

Chakula na soda karibu na kompyuta, kelele, kusukumana, hayo msimamizi atayashughulikia, tusipoteze wakati.

Sasa kuna kanuni ambayo watoto huivunja zaidi, na sisi wazazi huivunja kuliko wao: kutoweka picha ya mtu mwingine mtandaoni bila ruhusa yake. Mtoto akijikwaa mbele ya wenzake, anapigwa picha, inasambazwa, na kufika jioni kijiji kizima kimecheka. Kuna watoto wameacha shule kwa jambo dogo la namna hiyo. Lakini tazama simu yako mwenyewe, mama. Nani aliweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia picha ya kijitabu cha kliniki, jina kamili na tarehe ya kuzaliwa vinasomeka? Nani aliweka picha ya mtoto akioga kwenye beseni? Kikundi kina watu 180, na humjui hata nusu yao. Na kituo nacho kikipiga picha za watoto kwa ajili ya wafadhili, una haki ya kuuliza zitawekwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kwanza kabla habari za mtoto hazijatumiwa.

Na wageni. Fomu nyingi husema, "Usimpe mtu usiyemjua jina lako, shule yako, nambari ya simu wala mahali unapoishi." Ni kanuni nzuri, ila ina upungufu mmoja. Mtoto hamwoni kama mgeni mtu aliyezungumza naye kila siku kwa majuma matatu. Mtu huyo amemsifu, amemsikiliza alipogombana na wewe, amemtumia shilingi 100 za muda wa maongezi. Kwake huyo ni rafiki. Kwa hiyo usimwulize, "Unaongea na wageni?" Atasema hapana, na kwa mawazo yake hasemi uongo. Mwulize, "Kuna mtu mnayeongea naye kwenye mtandao ambaye hamjawahi kuonana?" Mwulize tena, "Kuna aliyekuomba usimwambie mtu?" Hilo la pili ndilo linalonishtua zaidi. Mtu mzima mwenye nia njema hana haja ya siri na mtoto wako.

Huenda unasema haya ni mambo ya Nairobi, huku kwetu hayafiki. Mwaka 2021 ulitolewa utafiti uliofanywa hapa Kenya na UNICEF, ECPAT na INTERPOL. Waliwauliza watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Kati ya asilimia 5 na 13 walikuwa wamepatwa na unyanyasaji wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja uliotangulia: kutishiwa, picha zao kusambazwa bila idhini, au kuahidiwa pesa na zawadi. Chukua darasa la watoto 40 wanaotumia intaneti. Ni kama watoto wawili mpaka watano katika darasa hilo. Nami kwa kazi yangu naongeza kwamba wavulana pia wamo, na mvulana hukaa na siri hiyo muda mrefu kuliko msichana, maana anaogopa kuchekwa.

Sasa usikimbilie kumzuia mtoto asiende. Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wazazi, na hata na wenzangu wachache kazini. Mtoto aliyemaliza kidato cha nne ataomba nafasi ya chuo kupitia mtandao wa KUCCPS, na mkopo wa HELB ataombea huko huko. Kazi zinatangazwa huko. Na kwa familia isiyo na kompyuta nyumbani, kituo cha vijana au maktaba ya umma ndipo mahali pa pekee anapoweza kujifunza bila kulipa kila dakika. Tena nimeona tunavyofanya: tukiogopa, tunamzuia msichana na kumwacha mvulana aendelee. Msichana anabaki nyumbani na vyombo, na simu ya kuazima anaipata tu kwa jirani, mahali pasipo rejista wala msimamizi. Hapo umemtoa penye taa ukampeleka gizani.

Ninachokuomba ni uende kituoni mara moja, mwenyewe, kabla ya kutia sahihi. Usipige simu. Nenda. Tazama kama kuna mtu mzima chumbani muda wote, au kama anaacha funguo kwa kijana mkubwa na kwenda kunywa chai. Uliza kama watoto wa miaka 10 wanachanganywa na vijana wa miaka 25 kwa saa zile zile. Uliza kituo kinafungwa saa ngapi na mtoto atarudi kwa njia gani. Mtoto wa kike akitoka saa moja usiku na barabara haina taa, hatari haiko kwenye kompyuta tena. Uliza mtoto akipatwa na jambo amwambie nani, na kama mtu huyo mwenyewe ndiye tatizo, amwambie nani mwingine. Msimamizi mzuri hatakasirika kwa maswali hayo. Kama hujui kusoma, mwambie akusomee fomu yote, polepole. Hilo si aibu hata kidogo. Kilichoniaibisha mimi ni kwamba najua kusoma na sikusoma.

Ngoja niseme kidogo kuhusu mwili, maana wengi mlitegemea nianzie hapo. Mtoto anayetazama skrini hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana macho huwasha na kuwa mekundu. Kila baada ya dakika 20 aangalie kitu kilicho mbali, kama mti nje ya dirisha, kwa sekunde 20. Skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa, na miguu ifike sakafuni. Isipofika, aweke kigoda au matofali mawili. Akianza kuusogelea ubao shuleni au kukunja uso akisoma, mlete apimwe macho, usimnunulie miwani barabarani. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, kwa hiyo saa moja ya kompyuta isiondoe ile ya mpira au kamba.

Usingizi ndio unaonisumbua zaidi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Kama anaamka saa kumi na moja alfajiri kujitayarisha kwenda shule, alipaswa kuwa amelala kufikia saa tatu usiku. Lakini anarudi kutoka kituoni na mazungumzo aliyoyaanza huko yanaendelea kwenye simu chini ya blanketi. Simu zote ndani ya nyumba, pamoja na yako, zilale mahali pamoja, sebuleni au juu ya kabati. Usiseme simu ndiyo kengele yako ya kuamkia. Saa ndogo ya mezani inatosha.

Na kuna jambo lililonifanya nisimame mlangoni siku moja. Msichana alikuwa ametumwa kumlea mdogo wake wa mwaka mmoja, akaja naye kituoni, akamketisha mbele ya katuni ili yeye afanye kazi yake. Mtoto alikaa saa mbili bila kulia, na watu wakasema, "Ona alivyo mtulivu!" Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini hata kidogo, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Mtoto huyo anajifunza kusema kwa kuangalia mdomo wako. Kwa hiyo ukimruhusu binti aende kituoni, mruhusu aende peke yake. Yule mdogo tafuta namna nyingine.

Michezo ya kompyuta si ugonjwa. Lakini kama kijana ameacha kula na wenzake, ameshuka masomo, anakasirika sana akiondolewa, na hali hiyo imeendelea muda mrefu kiasi cha mwaka mzima, hapo tunaita shida ya kiafya, na imo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mlete tuzungumze. Hatutamcheka.

Turudi kwa yule msichana, kwa sababu najua swali lililo moyoni mwako: nikipatwa na hilo, nifanye nini?

Anza kabla halijatokea. Siku moja mkiwa mnachambua mboga, bila kumkazia macho, mwambie maneno kama haya: "Mwanangu, ukiona kitu kwenye kompyuta kikakutisha au kikakuaibisha, hata kama umekosea wewe, niambie. Sitakupiga, na sitakukataza kurudi kituoni." Hayo ya mwisho ni magumu kuyatimiza. Lakini usipoyaahidi, atafanya kama yule, atatuma picha ya tatu. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mtoto hawezi kufunua mbele ya mtu aliyeshika kiboko.

Akikuambia, msikilize mpaka amalize. Mwambie umemwamini. Usimlipe anayetishia hata shilingi moja, na mtoto asitume kitu kingine chochote, kwa maana anayetishia akipewa huongeza. Usifute ujumbe. Andika kwenye karatasi jina la akaunti iliyotisha, tarehe na saa. Lakini hapa uwe mwangalifu sana: ile picha ya mtoto akiwa uchi usiitume kwa mtu yeyote, si kwa mjomba, si kwa mwalimu, si kwangu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inatoa adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 25, au faini isiyozidi shilingi milioni 20, au zote mbili, kwa anayesambaza picha za ngono za mtoto. Haisamehi kwa kuwa wewe ni shangazi. Peleka simu yenyewe polisi.

Nenda dawati la jinsia katika kituo cha polisi, au kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto dhidi ya unyanyasaji wa mtandaoni pia, kwa hiyo usikubali kuambiwa haya ni mambo ya Facebook tu. Kama huna nauli au unaogopa, piga 116. Ni simu ya kuwasaidia watoto, haitozwi pesa, inapokelewa mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga bila kukuambia. Kwa dhuluma za kijinsia kuna 1195, nayo ni ya bure. Usikubali mzee wa mtaa apatanishe familia mbili kwa mbuzi. Nimeona mbuzi wakipelekwa, na mtoto akaendelea kuumwa tumbo.

Na kama walikwishaonana, na mtoto ameguswa au amenajisiwa, usingoje polisi kwanza. Njoo hospitali. Asioge, asipige mswaki, asibadilishe nguo. Akiwa amezibadilisha, zitie kwenye bahasha ya karatasi au uzifunge kwa gazeti, usitumie mfuko wa plastiki. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, zinazoitwa PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri anavyoanza mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Atazimeza siku 28. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Tutajaza fomu zinazohitajika na polisi wataendelea na kazi yao. Matibabu hayo katika hospitali ya umma hayapaswi kulipiwa. Hata kama saa 72 zimepita, njoo. Bado kuna mengi tunayoweza kumfanyia.

Yule msichana wetu alirudi kituoni baada ya majuma matatu. Siku ya kwanza mama yake alimsindikiza akakaa kwenye benchi nje, akimenya njegere kwenye ungo. Tumbo limepoa, ingawa bado kuna usiku ambao halali vizuri, na huja kuzungumza na mshauri wetu kila baada ya juma moja. Mimi nami nilirudi nyumbani nikamwomba mtoto wa dada yangu alete ile fomu. Alicheka akasema, "Aunti, ulishaitia sahihi." Nikamwambia ailete tu. Tuliisoma mezani, yeye akinieleza maneno niliyokuwa siyajui, na tulipofika kanuni ya nne nilimwomba anionyeshe kwa vitendo kwenye simu yangu. Nilikuwa sijui. Akaunti yangu ilikuwa wazi kwenye kompyuta mbili nisizozijua.

Chukua kalamu sasa, au mwite mtoto aje na yake, uandike nyuma ya jalada la kijitabu cha kliniki: 116, na 1195. Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza kuhusu mtoto anayekohoa na kupumua kwa haraka, na jinsi ya kuhesabu pumzi zake. Ni mimi muuguzi wenu. Kwaherini ya kuonana.